Woga ulioketi kwenye kiti cha meno

Mtu mzima anayemkimbia daktari wa meno huchekwa. "Umezaa mara tatu, utaogopaje koleo?" Kicheko hicho ndicho kinachomfungia ndani na jino lake, akibana karafuu na kumeza panado mpaka shavu livimbe. Siku akifika, la kuziba halipo tena. Ni kung'oa, na penye usaha ganzi haishiki vizuri. Anaumia kweli, na woga wake unapata shahidi. Msweden Ulf Berggren aliueleza mzunguko huo mwaka 1984, akaitaja na aibu: mtu huanza kuuficha mdomo wake, kisha kujificha mwenyewe.

Kwa baadhi yao, lakini, chanzo si jino. Huko Dunedin, New Zealand, watafiti wamewafuatilia watu waliozaliwa mwaka 1972 na 1973. Walipofikisha miaka 18, wenye hofu ya daktari wa meno walionekana kuwa na matatizo mengine ya akili zaidi kuliko wenzao, zikiwemo hofu za namna nyingine na utegemezi wa pombe. Kipi kilimzaa mwenzake? Hapo mimi singeapa.

Norwei haikungoja jibu. Ina huduma ambayo daktari wa meno na mwanasaikolojia hufanya kazi pamoja, bila malipo kwa mgonjwa, nayo inawapokea wenye hofu kali pamoja na waliowahi kuteswa au kudhulumiwa kingono. Kuwaweka kundi moja si ajabu. Hebu fikiria: umelazwa chali, mtu amekuinamia, mikono yake imo kinywani mwako, na huwezi kusema "basi". Aliyewahi kulazwa hivyo kwa nguvu hahitaji kuambiwa ajikaze.

Tutaambiwa Norwei ina mafuta. Sawa. Tena si kila mwoga ni mgonjwa: utafiti wa mwaka 2009 katika England, Wales na Ireland ya Kaskazini ulikuta takriban watu wazima 12 kati ya 100 wana hofu ya kupindukia, na hata hao kipimo kilichotumika hakikuwapa jina la ugonjwa. Ila kipimo chenyewe ni maswali matano tu. Kliniki ya wilaya inaweza kuyauliza mgonjwa akiwa bado kwenye benchi, na anayetetemeka akaambiwa kabla ya sindano: "Ukinyoosha mkono, naacha." Kisha daktari aache kweli.