"Haina Risasi" Si Jibu

Kuna maneno ambayo natamani yasisikike tena mtaani Karen, Nairobi: "Usiogope, haina risasi." Mwenyeji huyasema sebuleni akimkabidhi mgeni bunduki ya kuwindia aliyoachiwa na babu, na mgeni papo hapo huielekeza dirishani ajaribu darubini yake. Watu wazima, wenye akili timamu, wanaamini kuwa bunduki tupu ni sawa na fimbo. Imani hiyo inaua.

Mtaa huu ulimea juu ya shamba la mwandishi Karen Blixen, na wawindaji wa enzi zake, kama Denys Finch Hatton, bado wanasifiwa. Lakini uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Bunduki nyingine zilibaki kabatini, na waliozijua vizuri wamezeeka au wametutoka. Anayezishika leo mara nyingi hakufundishwa na yeyote.

Asiyefundishwa hajui kwamba ukichomoa magazini, umetoa risasi za magazini tu. Ile iliyokwisha kuingia chemba imekaa palepale. Kwa hiyo anayeanza asifundishwe kulenga kwanza, afundishwe kukagua. Mtutu uelekee mahali salama, kidole kiwe mbali na kifyatuo. Toa magazini, vuta komeo hadi mwisho, chungulia chemba, kisha upapase kwa kidole, maana penye giza macho hudanganya. Ukimpa mwenzako, mpe komeo likiwa wazi, naye akague upya hata kama amekuona ukikagua. Asikasirike mtu, hiyo ndiyo heshima ya kazi hii. Na baada ya hayo yote, bado ichukuliwe kuwa ina risasi, isielekezwe kwa binadamu hata kwa mzaha. Wanaotegemea sefti nao wakumbuke kuwa ni kipande cha chuma, na chuma huchakaa.

Wengine husema kiwanja chao ni kikubwa, watajifunzia nyumbani. Lakini hata ekari mbili, zikiwa mraba, upande mmoja haufiki hata mita 100. Risasi ya .22, ambayo wengi huiona ya kuchezea, inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja, na ya kuwindia mnyama mkubwa huipita mbali. Ua wa kayaba huzuia ng'ombe, hauzuii risasi, na ng'ambo yake yuko mtunza bustani wa jirani akipalilia.

Kama una leseni na unataka kujua kupiga, nenda kwenye uwanja wa shabaha wenye tuta la udongo nyuma ya shabaha na mwalimu kando yako. Anza na .22, risasi moja moja, masikio na macho yakiwa yamekingwa.

Na wewe uliyerithi bunduki: leseni ya marehemu hairithiwi pamoja na nyumba. Usiiguse bunduki hiyo. Piga ripoti kituo cha polisi leo, waje waichukue.