Neno "Kushirikishwa"

Siku hizi ni shida kupata andiko la utafiti wa afya vijijini lisilojisifu kwamba wananchi "walishirikishwa". Mimi ni mwalimu wa lugha, na kwa haki ya kazi yangu naomba tulitazame neno hili. Kushiriki ni tendo la mtu mwenyewe. Kushirikiana ni tendo la wenzi. Lakini anayeshirikishwa hutiwa katika jambo lililokuwa la mwingine kabla yeye hajafika. Nyumba si yake, na funguo zimo mfukoni mwa mwenyeji. "Utafiti shirikishi", basi, ni jina lisemalo kweli kuliko walivyokusudia waliolitunga.

Ushahidi nitautoa juu ya nafsi yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa dodoso la Kiingereza nilitie katika Kiswahili, kwa ajili ya watafiti waliokwenda vijiji vya pwani kuuliza habari za malaria. Swali moja lilimtaka mama aseme kama mwanawe aliugua malaria mwaka ule. Nililiandika kama lilivyo. Nami nilijua, maana nimelelewa pwani, kwamba mtoto akikakamaa na kupindua macho wengi husema ni degedege, ugonjwa mwingine kabisa. Wako wanaousingizia ndege au shetani, na kwa wengine safari ya kwanza huwa kwa mganga. Daktari naye anajua kuwa degedege hilo mara nyingi ni malaria kali. Kwa hiyo mama aliyezika mtoto angeweza kujibu "hapana" kwa unyofu kamili, na karatasi ikapokea. Nilinyamaza. Nililipwa kufasiri, sikulipwa kubisha.

Taarifa ilipotoka nilikuta ukurasa mzima juu ya nafasi ya mtafiti: umri wake, dini yake, elimu yake, na kwamba alizaliwa mjini. Ungamo zuri, lakini halikugusa hata herufi moja ya dodoso. Msimamo wa mtafiti haumo katika ukurasa ule. Umo katika swali lake, lililokwisha kuamua kwamba ugonjwa una jina moja tu, la hospitali, na kwamba neno la mama ni ganda la kumenya na kutupa. Hiyo ni falsafa, hata kama mwenyewe hakujua kuwa anayo.

Nitajibiwa kwamba sayansi haihesabu ndege wa usiku. Sikuiomba ihesabu, vimelea vya malaria havigeuki kwa kubadilishwa jina. Lakini mama huchagua njia ya kwa mganga au ya zahanati kwa jina analolijua yeye, na atakaye kujua kwa nini mtoto alichelewa kutibiwa hana budi kuanzia hapo.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilifundisha Watanzania kwa redio, kwa vitabu na kwa vikundi, na vyoo vingi vikachimbwa. Masomo yalitungwa na wataalamu, wala halikuwa jambo la siri. Naiheshimu kwa unyofu huo.

Juzi nimeletewa dodoso jingine. Nimejibu kwamba sitaligusa mpaka akina mama wanne wa vijiji vinavyohusika waketi nami mezani, walipwe kama nilipwavyo, na wawe na haki ya kufuta swali. Bado nangoja jibu.