Mkanda wa Jeshi na Somo Letu la Kinga

Katika madarasa yetu ya baiolojia kinga ya mwili hufundishwa kama habari ya vita: adui huingia, askari humkabili, adui huuawa, na mambo huishia hapo. Picha hiyo hukaa upesi akilini mwa wanafunzi, nami sioni ubaya kuanza nayo. Lakini uko ugonjwa unaoivunja, nao hauhitaji darubini kuonekana. Ni mkanda wa jeshi.

Mtoto aliyeugua tetekuwanga husemwa amepona malengelenge yakikauka. Mwaka 1965 Edgar Hope-Simpson, daktari wa mji mdogo wa Cirencester huko Uingereza, alitoa hoja kwamba virusi vyake husalia mwilini, na kuwa ndivyo vizukavyo baada ya miaka mingi vikaleta mkanda wa jeshi. Hoja hiyo ilikuja kuthibitishwa. Virusi hujificha katika mafundo ya neva yaliyo kando ya uti wa mgongo na chini ya ubongo. Ndiyo sababu malengelenge hufuata njia ya neva, upande mmoja wa mwili. (Wanaohofu kwamba mkanda ukikutana kiunoni mgonjwa hufa, na watulie: aghalabu hauvuki katikati.)

Basi kwa nini askari hawavimalizi? Chembe ya ngozi iliyoambukizwa yaweza kuuawa pamoja na virusi vyake, kwa kuwa nyingine itazaliwa. Chembe ya neva ikifa, aghalabu haipati mbadala. Kwa hiyo katika neva mwili hauna budi kuzuia zaidi ya kuua, na kazi hiyo huanzwa na kinga ya asili, ile tunayozaliwa nayo, ambayo masomo yetu huipitia haraka haraka. Chembe hutambua kitu kigeni ndani yake, ikatoa intaferoni, protini iliyogunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Chembe jirani zikipokea habari hiyo hujiandaa, na virusi hushindwa kuzaana ndani yake. Baadaye chembe nyeupe za aina ya T hushika zamu ya ulinzi kwa miaka mingi. Virusi havikufa, vimenyamazishwa.

Mwaka 2017 watafiti walieleza habari za watoto, waliokuwa wazima hapo kabla, ambao tetekuwanga iliwashambulia vikali katika ubongo au mapafu. Walionekana na kasoro ya kurithi katika kimeng'enya kiitwacho RNA polimerasi ya tatu, kisaidiacho chembe kutambua DNA ya virusi hivyo. Mlinzi wa kwanza hakuona, na madhara yakawa makubwa kiasi hicho.

Hili si jambo la mtihani tu. Tangu UKIMWI ulipoenea Afrika Mashariki katika miaka ya 1980, mwenye mkanda wa jeshi amekuwa akinyooshewa kidole. Kweli, VVU hudhoofisha zamu ile ya chembe T, na kijana aupatapo afadhali apime. Lakini uzee nao huidhoofisha, na bibi wa miaka 70 hastahili minong'ono ya majirani. Anachostahili ni kufikishwa hospitali mapema, maana dawa ya asaikloviri hufaa zaidi ikianzwa ndani ya siku 3, na malengelenge yakitokea karibu na jicho haifai kungoja hata siku moja.

Ningependa mwalimu aulize darasani ni nani amewahi kuugua tetekuwanga, kisha awaambie walioinua mikono kwamba virusi vyake wanavyo hata leo.