Bastola ya mitumba yenye kufuli: Kijana wa Kisii, soma hapa kabla hujatoa pesa

Tuseme jioni moja uko Daraja Mbili, soko limeanza kutulia, na rafiki yako anakuvuta kando ya mikungu ya ndizi. Anakunong'onezea kwamba kuna jamaa anauza "chuma". Ni bastola ya mkono wa pili, haijatumika sana, na isitoshe ina kufuli yake ndani kwa ndani. Ukiizungusha kwa kifunguo chake, hakuna mtoto wala mwizi atakayeweza kuifyatua. Bei ni ya kuelewana. Unataka ama hutaki?

Usijibu haraka. Katika maneno hayo machache mna maswali matatu mazito. Kufuli hiyo inamlinda nani? Bastola yenyewe imetoka wapi? Na sheria inakutazamaje wewe unayetaka kuinunua? Muuzaji amejibu swali la kwanza pekee, tena nusunusu.

Suala hili si la mbali na kwetu. Mnamo Januari 2024, risasi zilifyatuliwa katika hafla ya Gavana Simba Arati eneo la Nyamarambe, Mugirango Kusini, na watu wakajeruhiwa. Kila upande wa siasa ulinyooshea mwingine kidole. Zamani, mwenyeji wa Gusii akizungumzia fujo alimaanisha panga, rungu na mishale. Hizo ndizo silaha zilizohusishwa na makundi kama Sungusungu na Chinkororo, ambayo serikali iliyapiga marufuku mwaka wa 2010. Leo neno "bastola" linatajwa kwenye vijiwe vya boda boda bila watu kushtuka. Na uchaguzi wa Agosti 2027 unapokaribia, wanasiasa wataanza tena kutafuta vijana wa kuwasukumia kazi chafu. Kijana mwenye bastola isiyo na karatasi ndiye atakuwa wa kwanza kutafutwa, na wa kwanza kuachwa mkono mambo yakiharibika.

KUFULI HIYO NI KITU GANI?

Tuanze na hiyo kufuli, maana ndiyo inayoifanya biashara hii ionekane ya watu wastaarabu.

Bastola nyingi zina kitufe au kiwiko cha usalama ambacho mtu yeyote anaweza kukisukuma kwa kidole. Hicho si kufuli. Kufuli ya ndani ni kitu kingine: tundu dogo kwenye mwili wa bastola, ambapo unaingiza kifunguo chembamba na kukizungusha. Ukishafunga, sehemu fulani ya mtambo, kwa mfano nyundo, inazuiwa na bastola haiwezi kulia.

Kampuni ya Taurus ya Brazil ilianza kuweka kufuli ya aina hii kwenye silaha zake mwaka wa 1997. Mnamo Machi 2000, kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilikubaliana na serikali ya Rais Bill Clinton kwamba bastola zake zitengenezwe zikiwa na kufuli za ndani. Wakati huo Marekani ilikuwa ikilia kwa sababu ya watoto waliokuwa wakipata bunduki za wazazi wao nyumbani. Wateja wengi wa Smith & Wesson walikasirika na kuisusia. Lakini bastola zenye kufuli ziliendelea kutengenezwa, na ndiyo maana leo kuna nyingi za mkono wa pili zenye kitundu hicho.

Je, wazo lenyewe ni baya? La. Shirika la utafiti la RAND la Marekani limechambua tafiti nyingi kuhusu sheria zinazomlazimu mwenye bunduki kuifungia mbali na watoto. Limepata kwamba sheria hizo hupunguza vijana kujiua kwa bunduki na watoto kujeruhiwa kwa bahati mbaya. Kwa hivyo kufungia silaha kunaokoa maisha. Hilo halina ubishi.

Ila soma masharti yake. Kwanza, kufuli hufanya kazi ukiifunga tu. Haijifungi yenyewe kama mlango wa benki. Pili, bastola iliyofungwa bado inaweza kuwa na risasi ndani. Kufungwa si sawa na kuwa tupu. Tatu, kifunguo kikining'inia kwenye msumari karibu na kitanda, umefunga kazi bure. Nne, na hili muuzaji hatakwambia, kwa baadhi ya kampuni vifunguo hufanana. Kinachofungua bastola moja hufungua nyingine ya aina hiyo hiyo. Aliyekuuzia akibaki na cha pili, kufuli hiyo haimzuii yeye.

Halafu kuna mkanganyiko ambao hauna dawa. Unasema unataka bastola kwa sababu ya majambazi. Jambazi hapigi hodi. Anakuvamia kwenye kibanda chako cha M-Pesa saa moja jioni ukiwa unahesabu pesa. Ikiwa bastola imefungwa, hutapata muda wa kutafuta kifunguo. Ikiwa haijafungwa ili uifikie upesi, basi ile sifa uliyouziwa, kwamba mtoto hawezi kuifyatua, imekwisha. Usalama wa kufuli na haraka ya kujihami haviketi kwenye kiti kimoja. Mwenye kukuuzia anakuhesabia vyote viwili, lakini wewe utapata kimoja tu.

IMETOKA WAPI?

Swali la pili ndilo linalofunga watu.

Ukinunua shati la mitumba, hujali nani alilivaa. Bastola ni tofauti, kwa kuwa hubeba historia yake ndani ya mtutu. Kila mtutu huacha michoro yake kwenye risasi inayopita, na sindano ya kufyatulia huacha alama kwenye ganda. Wataalamu wa silaha wa idara ya upelelezi, DCI, hulinganisha alama hizo na maganda yaliyookotwa kwenye visa vya zamani. Kama bastola hiyo iliua mtu miaka miwili iliyopita huko Nakuru au Nairobi, leo ikipatikana chini ya godoro lako Suneka, wewe ndiye utakayeulizwa. Utasema uliinunua. Kwa nani? Kwa jamaa wa Daraja Mbili. Anaitwa nani? Hapo ndipo ulimi unakuwa mzito.

Na uwezekano wa bastola ya kichochoroni kuwa na historia mbaya ni mkubwa kuliko unavyodhani. Utafiti wa shirika la Small Arms Survey, lililo na makao yake Geneva, ulikadiria kwamba mwaka wa 2017 raia wa Kenya walikuwa na bunduki zipatazo 750,000. Zilizosajiliwa zilikuwa takriban 8,000 pekee. Piga hesabu: katika kila bunduki mia moja zilizo mikononi mwa raia, ni kama moja tu yenye karatasi. Mnamo Novemba 2016 serikali ilichoma bunduki 5,250 huko Ngong, nyingi zikiwa zilinaswa kutoka kwa wahalifu au kusalimishwa. Zinachomwa, lakini nyingine zinaendelea kuzunguka.

Kwa hivyo anayekuuzia bastola gizani huenda anatafuta kitu kimoja: mtu wa kubaki na mzigo.

SHERIA INASEMAJE?

Wapo vijana wanaoamini kwamba kumiliki bunduki ni haki, kwa kuwa wameona hivyo kwenye filamu. Hiyo ni Marekani. Katiba ya Kenya ya 2010 haina kifungu kinachokupa haki ya kuwa na silaha. Hapa kwetu ni ruhusa, na ruhusa hiyo inaweza kufutwa.

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inakataza mtu kununua, kupokea au kuwa na bunduki au risasi bila cheti. Anayetoa cheti ni Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Lazima uwe na sababu nzuri, na Bodi iridhike kwamba hutahatarisha usalama wa umma. Mtu mlevi wa kupindukia au mwenye akili isiyo timamu hapewi. Cheti lazima kihuishwe kila mwaka. Mnamo Desemba 2018, aliyekuwa Waziri wa Usalama Fred Matiang'i aliamuru wenye leseni wote nchini wahakikiwe upya, wakubwa kwa wadogo. Hata mwenye karatasi halali alilazimika kurudi foleni.

Zingatia jambo hili: cheti hutaja bunduki yenyewe na kiasi cha risasi unachoruhusiwa kuwa nacho. Hakiuzwi pamoja na bastola. Si kama boda boda ambayo mnaandikiana, mnabadilisha logbook, kisha unaondoka nayo. Anayekuonyesha cheti chake na kusema "nitakuachia pia hiki" anakuuzia kesi mbili badala ya moja.

Ina maana bastola ya mkono wa pili haiwezi kununuliwa kihalali? Inaweza. Mwenye leseni anayetaka kuachana na silaha yake huifuata njia ya Bodi na ya muuzaji aliyesajiliwa, na mnunuzi huwa ameruhusiwa kwanza kabla ya kuishika. Ikiwa mzazi au mwajiri wako yuko kwenye njia hiyo, mwambie akague mambo haya: nambari iliyochongwa kwenye bastola iwe ndiyo iliyo kwenye karatasi, isiwe imekwaruzwa, vifunguo vyote vya kufuli vikabidhiwe, fundi aliyeidhinishwa aijaribu kufuli bastola ikiwa tupu, na nyumbani kuwe na sefu iliyokazwa ukutani au sakafuni. Sheria humtaka mwenye silaha aiweke mahali salama wakati wote. Kufuli ya ndani ni nyongeza ya sefu, haichukui nafasi yake.

Kwako wewe usiye na cheti, kufuli haibadilishi chochote mahakamani. Hakimu hatauliza kama ilikuwa imefungwa. Atauliza kama ulikuwa nayo. Na kifungo chake ni cha miaka, si wikendi kwenye seli.

KISII SI UWANJA MTUPU

Kuna jambo jingine ambalo watu wa kutoka nje hawalioni. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ina karibu watu elfu moja kwa kila kilomita mraba. Unajua maana yake kuliko mtu wa takwimu: boma lako na la ami yako limetenganishwa na mstari wa migomba. Nyumba ni ya matope na mabati. Risasi ikitoka kwako haiulizi mpaka wa shamba. Inapita ukuta, inafika jikoni kwa jirani.

Tena migogoro yetu mingi haiko na majambazi. Iko na ndugu, kuhusu kipande cha ardhi ambacho babu aligawa kwa mdomo. Leo mnatukanana, kesho mama anawaketisha chini, kesho kutwa mnakula pamoja. Ugomvi wa maneno una kesho. Weka bastola katikati ya ugomvi huo huo, na mmoja anakwenda mochari, mwingine gerezani, na lile shamba linauzwa kulipa wakili. Kadhalika ule usiku ambao mtu amekata tamaa, amepoteza kazi au mchumba, au amebeti karo yote. Usiku huo akiupita, anaweza kusaidiwa. Bastola iliyo karibu humnyima nafasi ya kufika asubuhi.

"LAKINI POLISI HUCHELEWA"

Najua utasema hivyo, na sitakubishia. Kuna vijiji ambako ukipiga simu saa tano usiku, gari linafika asubuhi. Hofu ya mwenye duka ni ya kweli na haipaswi kuchekwa. Ila dawa yake iwe ile inayopunguza hatari, isiyoiongeza. Usilale na pesa dukani. Mawakala wa barabara moja wafunge saa moja, waondoke pamoja. Taa ya nje ni bei nafuu kuliko bastola yoyote. Kundi la Nyumba Kumi likilala, liamsheni. Na wawakilishi wenu waulizwe hadharani, kabla ya kura za 2027, ni lini kituo cha polisi kitapata gari na mafuta. Swali hilo lina nguvu kuliko risasi sita.

Na je, kama bastola tayari iko nyumbani? Huenda marehemu baba au ami yako alikuwa na leseni. Cheti chake hakirithiwi. Usiiguse, usiibebe kwenye boda kuipeleka mjini, wala usimpe binamu "aiweke tu". Ifungie chumba ilipo, mjulishe OCS wa kituo chenu, ikiwezekana ukiwa na chifu au wakili, na uombe maafisa waje kuichukua. Dai uandikiwe kwamba imechukuliwa, na nambari yake iandikwe.

Basi turudi Daraja Mbili. Rafiki yako bado amesimama kando ya ndizi, anangoja jibu. Mwulize maswali mawili: jina la mwenye bastola ni nani, na muuzaji huyo amesajiliwa wapi? Akianza kuangalia huku na huku, umeshapata jibu lako. Mwambie ukweli kama rafiki, kwamba huitaki, na kwamba yeye pia aondoke hapo kabla jina lake halijaingia kwenye simu ya mtu mwingine. Kisha shika njia uende nyumbani.