Kabla ya Kununua Lenzi, Pima Chumba



Katika familia zetu nyingi siku hizi yumo kijana aliyeshika kamera. Pengine ni binti aliyeanza kwa kuwapiga picha wadogo zake siku ya Idd, akasifiwa, kisha akaitwa na jirani kupiga picha za harusi upande wa wanawake, ambako mpiga picha mwanamume haingii. Wazazi wakaona kwamba kazi hii yaweza kumpatia riziki ya halali, wakajibana, kamera ikanunuliwa. Haipiti miezi miwili binti huja na ombi jingine: anataka lenzi. Mzazi hustaajabu, kwa kuwa kamera ilikuja na lenzi yake. Muuzaji naye hastaajabu hata kidogo. Anayo tayari ya kuuza, na aghalabu ni ile ndefu kuliko zote zilizomo kabatini.

Ombi la binti mara nyingi ni la haki. Lililo gumu ni kujua lenzi ipi. Fedha hizi ni za familia, na zikiingia katika lenzi isiyofaa hazitapatikana nyingine kwa muda mrefu. Zaidi ya hayo, harusi hairudiwi ili picha zipigwe upya. Kwa hiyo wiki hii tuzungumze juu ya namna ya kuichagua lenzi ya pili kwa fedha kidogo, na kauli yetu ni moja: lenzi huchaguliwa kwa kukipima chumba utakachofanyia kazi na mwanga uliomo ndani yake. Jina la lenzi na urefu wake havitoshi.

Kwanza tuielewe kamera yenyewe. Ndani yake mna kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga mahali pa filamu ya zamani. Picha moja ya filamu iliyozoeleka ilikuwa na upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Kamera nyingi za bei nafuu, ziwe za Canon, Nikon au Sony, zina kihisi kidogo kuliko hicho, chenye upana wa milimita 22 hadi 24 na kimo cha milimita 15 hivi. Kihisi kidogo huchukua sehemu ya katikati tu ya kile ambacho lenzi inakiona. Matokeo yake, lenzi ya milimita 50 ikifungwa katika kamera hiyo huona eneo jembamba, kana kwamba ni lenzi ya milimita 75 au 80 katika kamera ya kihisi kikubwa. Anayesoma sifa za lenzi bila kulijua jambo hili hununua lenzi iliyosifiwa kwa kamera nyingine, akaifunga katika ya kwake na kushangaa kwamba hana pa kurudi nyuma.

Lenzi inayokuja na kamera huwa ni ya kuvuta, ya milimita 18 hadi 55. Wengi huidharau upesi, nao wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Lenzi hiyo ndiyo kipimo cha kwanza na hakina gharama. Mwache binti aitumie kwa miezi miwili au mitatu, nyumbani na katika shughuli ndogo ndogo. Kisha mkae pamoja, mzifungue zile picha alizozipenda na zile zilizoharibika. Kamera huandika ndani ya kila picha ilipigwa kwa milimita ngapi, tundu la lenzi lilifunguka kiasi gani na shata ilikaa wazi kwa muda gani. Hesabuni. Ikiwa picha nyingi zilipigwa kwa milimita 18 na bado watu wa pembeni wamekatwa, tatizo ni ufinyu wa chumba. Ikiwa nyingi ni za milimita 35 na zimeharibika kwa kuchezacheza, tatizo ni uhaba wa mwanga. Kila tatizo lina dawa yake, na dawa ya moja haitibu jingine.

Sasa chukueni futi ya fundi cherehani na mpime sebule. Chukulia kwamba mpiga picha amesimama mita 3 kutoka kwa anaowapiga, jambo la kawaida katika vyumba vyetu, na kamera ameilaza kwa upana. Kwa milimita 18 ataona upana wa karibu mita 3.7, yaani familia nzima iliyokaa kwenye kochi na wengine waliosimama kando. Kwa milimita 24 ataona mita 2.8 hivi. Kwa milimita 35 ataona karibu mita 2, wanaotosha watu watatu au wanne waliobanana. Kwa milimita 50 ataona mita 1.3 au 1.4 tu, yaani watu wawili. Na akitaka kumpiga bibi harusi mzima, kuanzia kilemba hadi ncha ya gauni, kwa lenzi hiyo ya milimita 50, itambidi aisimamishe kamera na kurudi nyuma karibu mita 4. Je, chumba cha bibi harusi kina mita 4 kutoka kitandani hadi ukutani? Kama hakina, mmeokoa fedha kwa kutumia futi.

Baada ya nafasi, mwanga. Kila lenzi huandikwa namba inayoanza na herufi f, nayo hueleza ukubwa wa tundu la kupitishia mwanga. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi iliyokuja na kamera, ikivutwa hadi mwisho, hufungua tundu la f/5.6 tu. Lenzi isiyovuta ya f/1.8 hupitisha mwanga zaidi ya mara 9 ya huo. Maana yake ni hii: baada ya Isha, chini ya taa moja ya sebuleni, ikiwa lenzi ya kwanza inalazimisha shata ikae wazi kwa sehemu 1 ya 15 ya sekunde, mkono unaopaka hina utaonekana kama moshi. Kwa f/1.8 shata hiyo hiyo yaweza kufunga kwa sehemu 1 ya 125 au kasi zaidi, na kila kidole kikaonekana. Kizuia mtikisiko kilichomo katika baadhi ya lenzi hutuliza mikono ya mpiga picha, lakini hakimtulizi mtoto anayekimbia wala shangazi anayecheka.

Hata hivyo tundu kubwa lina masharti yake. Kwa milimita 50 na f/1.8, ukiwa mita 2 kutoka kwa unayempiga, sehemu inayoonekana safi ina kina cha sentimita 10 hivi. Mama na mwanawe wakikaa mmoja mbele kidogo ya mwenziwe, mmoja atakuwa safi na mwingine amefifia. Kwa watu wawili au watatu ni salama kupunguza tundu hadi f/2.8 au f/4 na kuwapanga katika mstari mmoja. Binti alifahamu hili kabla ya siku ya harusi, si siku yenyewe.

Kwa mwenye fedha kidogo, basi, zipo njia tatu za kufikiriwa. Mwenye Nikon ya kihisi kidogo ana lenzi ya milimita 35 yenye f/1.8, iliyotengenezwa mahususi kwa kamera hizo na inayopatikana kwa wingi ikiwa imetumika. Huona takriban kama jicho linavyoona, na ndiyo ninayoiona yafaa zaidi sebuleni. Mwenye Canon ana lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa za kampuni hiyo. Ni nzuri mno kwa uso wa mtu mmoja, kwa ukumbi mpana na kwa uani, lakini tumekwisha kuona kwamba chumba kidogo huishinda. Kwa chumba hicho ipo ya milimita 24 yenye f/2.8, bapa kama kitumbua, isiyopitisha mwanga mwingi kama hiyo ya 50 lakini inayoona mapana maradufu. Chagueni moja. Mbili kwa pamoja ni fedha iliyokaa begani.

Ile lenzi ndefu ya dukani, ya milimita 75 hadi 300, huvutia kwa umbo na kwa bei. Lakini kwa mita 3 haianzi hata kuona upana wa mita moja. Utapata kichwa na mabega. Ikivutwa hadi 300, mkono wa kawaida huhitaji shata ya karibu sehemu 1 ya 500 ya sekunde ili picha isitikisike, kasi ambayo mwanga wa ukumbini hauiruhusu kwa tundu lake dogo, na baadhi ya lenzi hizo hazina kizuia mtikisiko. Yafaa kwa mechi ya mchana na ndege wa porini. Anayetaka riziki ya harusi aiache kabatini mwa muuzaji.

Njia ya tatu si lenzi. Ikiwa zile picha zenu zimeonyesha kwamba milimita 18 zinatosha na kinachopungua ni mwanga peke yake, basi huenda fedha hizo zikanunua flashi ya kufunga juu ya kamera, yenye kichwa kinachogeuka. Ikielekezwa kwenye dari nyeupe, mwanga hurudi chini ukiwa laini na kuenea kwa watu wote, na lenzi ileile ya kwanza itapiga kundi la watu kumi bila shida. Lakini dari ya boriti nyeusi hunyonya mwanga, na turubai la rangi hupaka nyuso rangi yake. Kwa mara nyingine, ni chumba kinachoamua.

Wengi wetu tutanunua iliyotumika, na hapo umakini unahitajika zaidi. Nendeni na kamera yenu, wala msikubali kuonyeshwa lenzi katika kamera ya muuzaji. Mdomo wa Nikon haupokei lenzi ya Canon. Kamera ndogo za Nikon za familia ya D3000 na D5000 hazina mota ya kulenga ndani yake, hivyo lenzi za zamani zilizoandikwa AF au AF-D zitafunga vizuri lakini hazitalenga zenyewe. Tafuteni zilizoandikwa AF-S. Zilizoandikwa AF-P nazo zina mota, lakini baadhi ya kamera za zamani hazizielewi, kwa hiyo zijaribuni kwanza. Kwa Canon za kioo zenye kihisi kidogo, EF na EF-S zote hufunga, ila RF, zilizotengenezwa kwa kamera zake mpya zisizo na kioo, hazifungi.

Kisha iondoeni lenzi, fungueni tundu lake na mulikeni ndani kwa tochi ya simu huku mkiitazama kwa upande wa pili. Punje chache za vumbi hazidhuru. Mkiona nyuzi mfano wa utando wa buibui, hiyo ni kuvu, maradhi makubwa ya lenzi katika miji yetu ya pwani yenye hewa ya unyevu. Huweza kuila kioo hata ikisafishwa ikaacha alama, na bei iwe nafuu namna gani, iacheni. Pigeni picha kadhaa, karibu na mbali, na mzikuze katika kompyuta kabla ya kutoa fedha.

Lenzi ikifika nyumbani, isifungiwe katika mkoba wa ngozi ndani ya kabati la nguo, kwani huko ndiko kuvu inakostawi. Chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vijipakiti vya kukausha unyevu vilivyo vikavu, kinatosha. Na itumike mara kwa mara, kwa kuwa kuvu hupenda giza na utulivu.

Mzazi mwenzangu, ukiombwa lenzi usikatae haraka wala usitoe haraka. Mwombe mwanao akuletee picha zake ishirini zilizoharibika na akueleze kila moja imeharibika kwa nini. Akiweza kukueleza, amekwisha kuwa mpiga picha na anajua anachokihitaji. Asipoweza, mpe muda, kwa sababu hakuna lenzi itakayomjibia swali hilo. Wakati anajifunza, hina ya mchana karibu na dirisha, nyuso za babu na bibi barazani na watoto uani vyote vinapigika vizuri kwa lenzi aliyonayo, na kila picha ni somo lisilolipiwa.

Tukutane wiki ijayo, inshaallah.