Risala ya Kikundi cha Utafiti wa Sumukuvu kwa Makamu Mkuu wa Chuo

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo,

Sisi wanakikundi cha utafiti wa sumukuvu, tunaotoka idara za kilimo, kemia, mifugo, lishe na sosholojia, tunakushukuru kwa kukubali kutusikiliza. Tumekuja na malalamiko, na kwa heshima zote tutayasema waziwazi.

Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 kati ya wagonjwa 317 walifariki kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 balaa hilo likaikumba mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hii haionekani kwa macho wala haimalizwi na moto wa jikoni. Anayeila kidogo kidogo haugui leo; ini ndilo linaloharibika polepole, hadi saratani.

Hakuna idara inayoweza kulimaliza jambo hili peke yake. Mtaalamu wa lishe huwahimiza akina mama wapike dona, kwa kuwa virutubisho vingi vimo kwenye ganda na kiini. Mkemia akipima, hukuta sehemu kubwa ya sumu nayo imekaa humo humo, hivyo hushauri mahindi yakobolewe. Mama hukoboa, na pumba humpa ng'ombe. Daktari wa mifugo ndiye anayejua kwamba sumu ile hutokea tena kwenye maziwa, na maziwa ni ya mtoto. Kila mtaalamu amesema kweli katika fani yake, na mtoto bado amekunywa sumu. Tukashauri punje mbovu zichambuliwe zitupwe. Mwanasosholojia wetu akatuuliza kama tumewahi kuona mkulima akitupa mahindi. Hayatupwi: huuzwa kwa bei ya chini kwa wapika pombe, au hurudi chunguni chakula kikipungua.

Kazi ya namna hii ndiyo chuo kinayoitaja kila wageni na wafadhili wanapofika. Lakini taratibu zake zinatuadhibu kwa kuifanya, na hilo linatuuma.

Kubwa kuliko yote ni upandishaji vyeo. Makala yenye waandishi sita, alama zake hugawanywa kwa sita, kisha kamati ya idara huhoji kwa nini daktari wa mifugo ameandika katika jarida la afya ya jamii. Mhadhiri kijana huona mapema kwamba akijifungia katika fani yake atapanda, na akija kwetu atakwama. Wenzetu wazuri wametuaga kwa sababu hiyo, wala hatuwalaumu. Tunaomba Seneti ibadili kanuni, ili mchango wa kila mwandishi katika kazi ya pamoja upimwe kwa uzito wake, na kamati inayoipima iwe na wajumbe wa fani zote zinazohusika.

Mwanafunzi wetu wa uzamivu hana pa kushika. Idara moja inasema tasnifu yake imejaa mahojiano, nyingine inasema imejaa vipimo, na jalada lake linazunguka kati ya ofisi mbili huku ada ikiendelea kudaiwa. Tunataka usimamizi wa pamoja utambuliwe rasmi, na mwanafunzi huyu asitozwe ada kwa muda ambao ofisi ndizo zilizomchelewesha.

Fedha za utafiti nazo hupitia kila idara. Masurufu ya safari yanasubiri saini moja baada ya nyingine, na mahindi hayasubiri. Yakishaanikwa chini na kuingizwa ghalani na unyevu wake, tumekosa kuona mahali kuvu inapoanzia. Tupewe kifungu kimoja cha fedha na mwidhinishaji mmoja. Tupewe pia jenereta ya friza ya sampuli, maana umeme ukikatika kwa muda mrefu kazi ya msimu mzima huharibika.

Tena tunadai fedha za kurudisha matokeo vijijini zitengwe katika bajeti kama zinavyotengwa za vipimo. Wakulima waliotukabidhi mahindi yao tuyapime wanatuuliza tuliona nini. Wana haki ya kujibiwa, na kwa lugha wanayoielewa.

Mavuno ya kanda ya kati huanza Mei. Tunaomba majibu ya maandishi kabla ya mwisho wa Machi, ili magari yakiondoka, sote tuwemo.

Tunawasilisha.