Nani Aliamua Kama Mashini Zetu Zimezeeka?

Vijana wenzetu wa Goma,

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutuma viraka vya usalama kwa Windows 10. Hapa Murara hakuna mashini yenye ilizimika juu ya hiyo. Zinawaka kila asubuhi mu sekretaria za kando ya barabara, zinachapa CV, barua za kuomba kazi, vitabu vya mwisho wa masomo. Njo maana wengi wanauliza: sasa shida iko wapi?

Shida iko hivi. Mfumo wenye haupokei viraka tena ni kama nyumba yenye wezi wote wa mtaa wanajua kufuli yake. Mu Mei 2017 kirusi WannaCry kilipita katika nchi zaidi ya 150 kwa siku chache, hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. Kiraka cha kukizuia kilikuwa kimeshatoka tangu Machi. Wenye waliumia ni wenye hawakukiweka. Na sisi hapa flashi moja inapita mu mashini kumi kwa siku!

Watasema: basi panda Windows 11, si ni ya bure kwa mwenye kuwa na 10 ya halali? Ndiyo. Lakini inadai chipu ya usalama yenye inaitwa TPM 2.0, na kama prosesa ni ya Intel, iwe ya kizazi cha 8 kwenda mbele, ni kusema kuanzia 2017. Mashini ya 2016, hata iwe nzima namna gani, inakataliwa mlangoni. Na mashini za Goma nyingi ni za okazioni, zilishatumika mu maofisi ya mbali mbele ya kufika kwetu. Kwako ni mupya, kumbe kule walishaihesabu takataka. Mafundi wanajua njia ya kupitia dirishani, wanaiweka tu kwa nguvu. Ila Microsoft yenyewe inasema mashini ya namna hiyo haina ahadi ya kupata viraka. Umerudia pale pale.

Tuseme tena ukweli: Windows nyingi za mtaani ni za kuvunjwa, na fundi alishafunga masasisho ili isigunduliwe. Simulaumu. Mtu mwenye hana kazi atanunua leseni na nini?

Kuko mlango mwingine: mwaka mmoja wa nyongeza wa viraka, mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Bei ni dola 30, ao bure kama unakubali kupeleka mipangilio ya mashini yako kwenye akaunti yao ya intaneti. Watu wa Ulaya walikataa sharti hilo. Shirika lao la kutetea wateja, Euroconsumers, liliibana kampuni, na mu Septemba 2025 ikakubali kuwaondolea. Sisi tumebaki nalo. Na hizo dola 30 utazilipa na kadi ya banki gani, mu mji wenye banki zake zilifunga milango mu Januari 2025?

Kuko wenye wanasema mambo ya Windows ni ya watoto wa matajiri, mji uko mu vita. Wandugu, fungueni mashini muangalie ndani. Mule kuko tantali, na tantali inatoka mu koltani. Umoja wa Mataifa ulisema mu 2024 kama eneo la Rubaya, hapa Masisi, peke yake linatoa zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia. Mashini nzima ikitupwa juu ya tarehe, ingine inatengenezwa pahali pake, na kijana wa rika letu anarudi mu shimo. Yule hata CV haandiki.

Pendekezo langu: sekretaria zetu zihamie kwenye Linux. Linux Mint inatosheka na memori ya giga 2, ingawa 4 ni muzuri zaidi. Haina leseni ya kununua wala ya kuvunja, na LibreOffice ya kuandikia iko ndani. Si mambo ya wazungu tu: tangu 2004 timu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Jambo OpenOffice, yenye menyu zake zote kwa Kiswahili.

Haitakuwa rahisi. Programu zingine za hesabu zinakubali Windows peke yake. Na dosie ya Word ukiifungua kwa LibreOffice, mara jedwali linahama, mara ukurasa unakatika. Lakini hata Word na Word hazisikilizani. Ofisi moja ilishanijibu kama CV yangu «haisomeki», juu Word yao ilikuwa ya zamani, haijui docx. Hawakuomba hata niitume tena, nafasi ikaenda. Kwa hiyo tunadai kitu kidogo kwa wote wenye wanatafuta wafanyakazi mu mji huu: muandike wazi mu tangazo kama munapokea PDF. PDF inafunguka kila pahali vile vile, mu mashini ya zamani na ya leo.

Mwenye yuko na intaneti nzuri ashushe Linux Mint mara moja, ni kama giga 3, halafu tupeane kwa flashi. Unaweza kuijaribu kwa flashi hiyo hiyo, bila kugusa Windows yako. Ukiipenda, mbele ya kubonyeza «sakinisha», kopia mafaili yako pembeni, juu ukichagua vibaya disiki yote inafutika.